Walimlilia Betts, Wakamsahau Price: Uchambuzi wa Mauzo ya Boston Red Sox, 2020

Jumanne usiku, tarehe 4 Februari 2020, zikiwa zimebaki siku chache tu timu za besiboli za Marekani ziingie kambini, habari zilivuja kwamba Boston Red Sox wamekubali kumwachia Mookie Betts aende Los Angeles Dodgers. Pamoja naye angeondoka David Price, mrushaji mkongwe wa mkono wa kushoto. Boston ikawaka moto. Mashabiki wa timu hiyo wamezoea kumaliza hasira zao kwa mahasimu wao wa jadi, New York Yankees, lakini safari hii Yankees hawakuhusika kabisa. Lawama zote zikamwendea mwenye klabu, John Henry, na meneja wa usajili aliyekuwa kazini kwa miezi mitatu na ushee, Chaim Bloom.

Ubishi ule haujaisha mpaka leo. Nimeuchagua kwa sababu unaonyesha vizuri jinsi mashabiki wanavyobishana juu ya usajili: watu walishika jina moja, wakalipima na jina lingine, na jambo lenyewe likapita katikati yao bila kuguswa.

Betts si mchezaji wa kununuliwa dukani. Red Sox walimchukua kwenye drafti ya 2011 (zamu za klabu kuchagua chipukizi), raundi ya 5, kijana wa Nashville ambaye kwa umbo ni mdogo ukimlinganisha na mabaunsa wengi wa mchezo huo. Akapanda timu kubwa Juni 2014. Mwaka 2018 akapiga kwa wastani wa .346 (kama mara 346 za kufaulu kwa kila majaribio 1,000), homurani 32 (mipigo inayomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote), akaiba besi 30, akalinda uga wa kulia kiasi cha kupewa tuzo ya Gold Glove, na akatangazwa mchezaji bora wa American League, moja ya ligi mbili za besiboli kuu ya Marekani. Mwaka huohuo Red Sox walishinda mechi 108 kati ya 162, kisha wakawapiga Dodgers 4-1 kwenye World Series, fainali ya ubingwa. Kwa hiyo Dodgers walikuwa wanamchukua mtu waliyemjua kwa machungu.

Sasa, kwa msomaji aliyezoea usajili wa soka, kuna mambo mawili lazima yawekwe wazi kwanza, la sivyo kisa hiki kitaonekana cha wendawazimu.

La kwanza ni umri wa utumishi. Mchezaji wa besiboli hufungwa na klabu yake kwa misimu 6 kamili. Ile mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, mitatu inayofuata anaweza kupeleka suala la mshahara kwa msuluhishi. Baada ya hapo anakuwa mchezaji huru na anakwenda anakotaka. Betts alikuwa amebakiza msimu mmoja tu, wa 2020, kwa mshahara wa dola milioni 27, ambao wakati ule ulikuwa rekodi kwa mchezaji wa daraja lake.

La pili ni kodi ya anasa. Ligi haina kikomo cha mishahara, ila ina mstari. Mwaka 2020 mstari huo ulikuwa dola milioni 208 kwa kikosi kizima. Ukiuvuka mwaka wa kwanza unatozwa asilimia 20 ya kile kilichozidi, wa pili mfululizo asilimia 30, wa tatu asilimia 50, na ukizidisha sana kuna nyongeza juu yake. Ukishuka chini ya mstari mwaka mmoja tu, hesabu inaanza upya. Boston walikuwa wameuvuka 2018 na 2019, na katika miaka yote miwili ndio waliokuwa na kikosi ghali kuliko vyote. Mara ya kwanza walikuwa mabingwa, hakuna aliyelalamika. Mara ya pili walishinda 84, wakafungwa 78, wakatazama hatua ya mtoano kwenye runinga.

Septemba 2019 Dave Dombrowski, aliyekijenga kikosi cha ubingwa, akafukuzwa. Wakuu wa klabu wakasema hadharani kwamba wangependa kushuka chini ya ile milioni 208. Akaletwa Bloom kutoka Tampa Bay Rays, klabu ambayo haina pesa na inajulikana kwa kufanya maajabu bila pesa. Januari 2020 kocha Alex Cora akaachana na timu kutokana na kashfa ya wizi wa ishara, yaani kupeleleza ishara za siri za wapinzani, aliyoshiriki akiwa Houston. Mwezi mmoja baadaye, Betts.

Kuhusu mkataba mpya, taarifa zilizoandikwa na vyombo vingi ni kwamba Boston walimpa Betts ofa ya dola milioni 300 kwa miaka 10, naye akarudi na milioni 420 kwa miaka 12. Hapo ndipo mazungumzo yalipokwama, na hapo ndipo mashabiki walipogawanyika.

Kambi ya kwanza iliongea kama wahasibu. Amebakiza mwaka mmoja, ameshakataa milioni 300, amesema mara kwa mara kwamba anataka kuona thamani yake sokoni. Ukikaa naye mpaka mwisho wa msimu ataondoka, na utakachopata ni nafasi moja ya ziada kwenye drafti. Afadhali uchukue vijana watatu leo. Na mikataba ya miaka 12 ina historia mbaya: unamlipa mtu wa miaka 39 kwa kazi aliyoifanya akiwa na 27.

Kambi ya pili haikutaka kusikia hesabu. Fenway Park, nyumbani kwa Red Sox, ni uwanja wa 1912, viti havifiki 38,000, na tiketi zake ni kati ya zile ghali kuliko zote kwenye ligi. Shabiki anayelipia hivyo ana haki ya kuuliza: kama klabu ya namna hii haiwezi kumlipa mchezaji bora iliyemlea yenyewe, pesa zetu zinakwenda wapi? Wengi wao walikumbusha Desemba 1919, Harry Frazee alipomuuza Babe Ruth kwa Yankees, na Boston wakakaa kuanzia 1918 mpaka 2004 bila ubingwa. Miaka mia imepita, wakasema, na hatujajifunza.

Mfano wa Ruth ulinichosha haraka. Frazee aliuza kwa fedha taslimu. Bloom hakuruhusiwa kufanya hivyo hata kama angetaka, kwa sababu tangu 1976 mkuu wa ligi Bowie Kuhn alipozuia Oakland kuuza nyota wake kwa mamilioni, mauzo makubwa ya fedha yalikufa. Kwa kejeli ya historia, wawili kati ya waliozuiwa, Joe Rudi na Rollie Fingers, walikuwa wanakwenda Boston.

Kambi ya tatu ilikuwa ndogo lakini yenye sauti: ilimlaumu Betts mwenyewe. Mchoyo, haipendi Boston, hakutaka kubaki. Hoja hii sitaipotezea muda. Mtu aliyesubiri miaka 6 kupata haki ya kutaja bei yake, akaitaja, hajamkosea yeyote.

Ubishi ukachochewa zaidi na yaliyotokea kati ya Jumanne ile na Jumapili iliyofuata. Mpango wa kwanza ulikuwa wa timu tatu. Betts na Price waende Dodgers. Alex Verdugo, mlinzi wa uga wa nje wa Dodgers, aje Boston. Kenta Maeda atoke Dodgers kwenda Minnesota Twins, na Twins wampe Boston Brusdar Graterol, Mvenezuela wa miaka 21 anayerusha mpira kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa. Kisha Boston wakafungua faili la afya la Graterol na kuingiwa na wasiwasi. Wao walimtaka kama mrushaji wa kuanzisha mechi, atakayekaa uwanjani kwa muda mrefu. Walichokisoma kiliwafanya wamwone kama mtu wa kuingia mwishoni mwa mechi tu, na thamani ya hao wawili haifanani hata kidogo.

Basi kwa siku kadhaa Betts alikuwa mchezaji wa timu ambayo imeshamtema na hajapokelewa anakokwenda. Mashabiki wa Boston wakapata tumaini la ajabu: huenda mpango utavunjika, huenda atarudi. Mashabiki wa Twins nao walinuna, kijana wao ametangazwa hadharani kwamba ana kasoro. Mwisho wa wiki mpango ukakatwa vipande viwili. Twins na Dodgers wakamalizana wenyewe, na Boston wakapewa Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Downs, mzaliwa wa San Andrés nchini Colombia, amepewa jina la Derek Jeter, aliyekuwa nahodha wa Yankees. Kwa shabiki wa Boston siku ile hiyo ilikuwa chumvi kwenye kidonda.

Tangu hapo mjadala ukawa mizani yenye majina mawili: Betts huku, Verdugo kule. Verdugo alikuwa na miaka 23, msimu wa 2019 alipiga .294, alikuwa na maumivu ya mgongo. Je, Verdugo anaweza kuwa asilimia 70 ya Betts? Na Downs akiiva je? Watu walibishana mpaka sauti zikakauka, na kila upande ulikuwa na takwimu zake.

Price akatajwa pembeni, kama mtu aliyeomba lifti.

Hapa ndipo naona kisa kizima kilipo. Price alisaini Desemba 2015 kwa dola milioni 217 na miaka 7. Mwanzoni mwa 2020 alikuwa na miaka 34, mwenye matatizo ya mkono, na mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka 3 na milioni 96. Hakuna klabu ambayo ingeuchukua mkataba ule peke yake bila kulipwa. Boston wakaufunga pamoja na Betts, kama mwenye duka wa enzi za uhaba aliyekwambia ukitaka sukari lazima uchukue na kile kisichotoka rafuni. Na bado walilazimika kubeba nusu, milioni 48.

Piga hesabu ya mwaka 2020. Betts milioni 27, Price milioni 32, jumla 59. Toa 16 ambazo Boston waliendelea kulipa kwa ajili ya Price. Klabu ilijipunguzia milioni 43 kwa mwaka. Betts peke yake angepunguza 27. Tofauti, milioni 16 kwa mwaka kwa miaka 3, ndiyo bidhaa halisi ambayo Boston walinunua siku ile, na waliilipia kwa ubora wa vijana waliowapokea. Klabu inayopewa Betts bila mzigo inatoa vijana wake wazuri. Klabu inayopewa Betts na mzigo inatoa wale ambao haitawakosa sana. Dodgers wakati huo walikuwa na Gavin Lux na Dustin May, vijana ambao kila mtu aliwataka. Wote wawili wakabaki Los Angeles.

Kwa hiyo swali la Verdugo au Betts lilikuwa swali bovu. Lililotakiwa kuulizwa ni hili: kwa nini kuondoa nusu ya deni la Price kulionekana muhimu kuliko kupata vijana bora zaidi? Na swali hilo linakurudisha nyuma mwaka mzima.

Baada ya ubingwa wa 2018, Boston walikuwa na fungu na walikuwa na Betts aliyebakiza misimu miwili. Desemba 2018 wakampa Nathan Eovaldi, shujaa wa fainali zile lakini mtu aliyekwishafanyiwa upasuaji wa kiwiko mara mbili, milioni 68 kwa miaka 4. Machi 2019 wakampa Chris Sale milioni 145 kwa miaka 5, ilhali alikuwa bado na mwaka mmoja kwenye mkataba wa zamani na bega lake lilikuwa limemsumbua msimu uliopita. Mwaka 2019 Sale alishuka sana, na Machi 2020 kiwiko kikamlaza kitandani. Naikumbuka furaha ya mashabiki siku zile mbili. Karibu kila mtu aliyekuja kulia Februari 2020 alipiga makofi Machi 2019. Ukijumlisha Price, Sale na Eovaldi, una warushaji watatu waliovuka au kukaribia miaka 30, wenye mikono ya mashaka, wanaokula zaidi ya milioni 70 kwa mwaka. Betts aliondoka Boston siku ile Sale alipomwaga wino. Februari ilikuwa utekelezaji.

Upande wa wahasibu unastahili haki yake. Uwezekano wa Betts kuondoka bure ulikuwa wa kweli. Halafu korona ikaja, msimu wa 2020 ukakatwa hadi mechi 60, na mtu anaweza kusema kwamba kama Boston wangembakiza, wangefaidi mechi 60 tu kisha wakampoteza. Ni hoja nzuri kuliko wanavyoikubali wapinzani wake. Ila ina upande wa pili. Tarehe 22 Julai 2020, kabla hajacheza mechi hata moja ya msimu akiwa Dodgers, Betts alisaini miaka 12 kwa milioni 365, na milioni 115 kati ya hizo zikaahirishwa kulipwa miaka ya mbele. Mtu aliyesemekana hataki kusaini kabla ya kuingia sokoni alisaini kabla ya kuingia sokoni. Bei yenyewe iliangukia katikati ya 300 na 420. Kama Boston wangekaa mezani Julai ile, soko likiwa gizani, wangekutana na Betts yuleyule.

Kilichofuata Los Angeles kinajulikana, lakini tukio moja linafaa kutazamwa kwa karibu. Mechi ya 6 ya World Series, Oktoba 2020, Dodgers dhidi ya Rays, klabu aliyotoka Bloom. Blake Snell wa Rays alikuwa anarusha kama shetani na alikuwa ameshamtoa Betts mara mbili kwa kumkosesha mpira. Rays wanaongoza 1-0 katika ingi ya 6 (mechi ya kawaida ina ingi, yaani awamu, 9), Dodgers wanapata mtu mmoja kwenye besi, na anayefuata kupiga ni Betts. Kocha wa Rays, Kevin Cash, akatoka, akamvua Snell, kwa sababu daftari la takwimu lilimwelekeza hivyo. Akaingia Nick Anderson. Betts akapiga mpira wa besi mbili, mwenzake akafunga kwa urushaji ulioponyoka, kisha Corey Seager akapiga wa chini na Betts akakimbia nyumbani kuifanya 2-1. Ingi ya 8 akaongeza homurani. 3-1, ubingwa. Akapata mwingine 2024, na mwingine 2025 dhidi ya Toronto, ambapo mechi ya 7 iliisha ingi ya 11 kwa Betts, sasa akicheza kati ya besi ya pili na ya tatu, kuokota mpira, kukanyaga besi na kurusha kukamilisha watu wawili kwa mpigo.

Boston 2020 walishinda 24 na kupoteza 36, wakawa wa mwisho kundini. Wakafika nusu fainali 2021, kisha wakawa wa mwisho tena 2022 na 2023. Mwaka 2022, baada ya kumtoa Betts ili kushuka chini ya mstari wa kodi, waliuvuka tena kidogo wakiwa mkiani. Hilo hata wahasibu hawana jibu lake. Januari 2023, kwenye tamasha la klabu na mashabiki huko Springfield, Henry na Bloom walizomewa uso kwa uso. Bloom akafukuzwa Septemba. Downs alicheza mechi 14 tu za Boston kabla ya kutemwa. Verdugo akapelekwa Yankees Desemba 2023. Wong akabaki kama mdakaji, na 2025 alikuwa nyuma ya Carlos Narváez.

Jambo moja bado halijapata jibu. Mkataba wa Betts unakwenda hadi 2032, na msimu wa kawaida wa 2025 alipiga .258, wastani mbaya kuliko wote wa maisha yake ya mchezo. Hofu ya wahasibu juu ya miaka ya mwisho haijapimwa. Dodgers nadhani hawajali, wana vikombe vitatu mkononi.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua Henry kwa njia nyingine: kampuni yake, Fenway Sports Group, inamiliki Liverpool tangu Oktoba 2010. Shabiki wa Liverpool wa Mombasa au Mbeya Februari 2020 alikuwa anaelea, timu inaongoza ligi kwa mbali, na angeshangaa kusikia kwamba huko Boston mtu huyohuyo anaitwa bahili. Liverpool ilimuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona Januari 2018, na fedha zile zikasaidia kulipia usajili wa beki Virgil van Dijk na kipa Alisson. Mashabiki wa Boston walioutazama mfano huo walisahau kwamba kwao hauwezekani. Soka inakupa fedha unayoweza kuigeuza beki au kipa. Besiboli inakupa vijana watatu na nafasi kwenye hesabu, na nafasi hiyo haina faida mpaka mwenye klabu aamue kuitumia. Kwa miaka kadhaa Henry hakuitumia vya kutosha, na Desemba 2022 Xander Bogaerts naye akaondoka kwenda San Diego kwa milioni 280.

Januari 2023 klabu ikajaribu kujisahihisha: Rafael Devers, milioni 313.5, miaka 10. Mashabiki wakapumua. Kisha Februari 2025 akasajiliwa Alex Bregman, Devers akaondolewa kwenye besi ya tatu, akanuna, akakataa kuhamia ya kwanza, na tarehe 15 Juni 2025 akapelekwa San Francisco Giants pamoja na mkataba wake wote uliobaki, zaidi ya milioni 250. Safari hii hakuna aliyekuwa na shaka juu ya kilichouzwa. Kabla ya kuwachambua kina Kyle Harrison na Jordan Hicks waliokuja badala yake, watu walianza na fedha: zitarudi kwenye kikosi au hazirudi? Mmoja wa waliopokewa, James Tibbs, hakumaliza hata miezi miwili, Julai 31 akapelekwa Dodgers. Red Sox walimaliza msimu na ushindi 89, wakaingia mtoano bila Devers, wakatolewa na Yankees kwa 2-1.